Uzi wa vitabu: mwanafunzi wa karate anayetaka kujua historia aanzie wapi?

Msoma Kata (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna swali linarudi kila baada ya muda kwenye makundi ya WhatsApp ya madojo (kumbi za mazoezi) yetu: "Naombeni kitabu kizuri cha historia ya karate." Majibu huwa ni yaleyale. Mmoja anatuma PDF ya picha za mateke, mwingine anatuma video fupi inayoanza na mtawa wa Kihindi, Bodhidharma, kuingia hekalu la Shaolin kule China na kuishia na wakulima wa Okinawa wakiwaangusha samurai kwa mikono mitupu. Mtu anafika mkanda mweusi, anaanza kufundisha watoto wa watu, na hadithi anayowapa ni hiyohiyo. Naamini tunaweza kufanya vizuri zaidi ya hapo, ndiyo maana nimeleta uzi huu.

Msimamo wangu niuseme mapema. Anza na maandishi ya waliokuwepo, kisha ndiyo uende kwa walioandika kuwahusu. Na kila ukifungua kitabu jiulize: aliyeandika ni nani, aliandika lini, na alikuwa anamwandikia nani? Vitabu nitakavyotaja nimevisoma kwa Kiingereza.

Cha kwanza wala si kitabu, ni barua. Anko Itosu (1831–1915) alikuwa karani katika utawala wa mfalme wa Ryukyu, ufalme wa visiwa vya Okinawa, kule Shuri, mji mkuu wake. Mwaka 1879 Japani iliufuta ufalme huo na kuifanya Okinawa kuwa mkoa wake. Mwanzoni mwa karne ya 20 Itosu akaiingiza karate kwenye shule za Okinawa, na mwaka 1908 akawaandikia wakubwa wa elimu barua yenye vipengele kumi. Ni fupi sana, na tafsiri zake zimejaa mtandaoni.

Isomeni taratibu. Anafungua kwa kusema karate haikutokana na Ubuddha wala mafundisho ya Konfusio, bali ni mikondo miwili, Shorin na Shorei, iliyokuja kutoka China. Kwa hiyo hadithi ya mtawa wa Kihindi kuwa baba wa karate inakosa msaada kwa mtu huyuhuyu tunayemwita mwalimu wa walimu. Halafu anasema watoto wakianza karate tangu shule ya msingi watakuja kulifaa jeshi, na hapo anamtaja Wellington, yule jenerali wa Kiingereza aliyemshinda Napoleon. Mzee wa Shuri kumtaja Wellington! Ukikumbuka kwamba Japani ilikuwa imetoka kupigana na Urusi mwaka 1904–1905, unaelewa kwa nini. Alikuwa anaomba kitu serikalini, akazungumza lugha ambayo serikali ile ingeisikia.

Ukishuka chini unamkuta Itosu mwalimu. Anataka makiwara (ubao wa kupigia ngumi) ipigwe mara 100 hadi 200. Anataka mwanafunzi ajue kila mbinu ya kata (mfululizo wa mbinu uliopangwa) ni ya kujenga mwili au ni ya kutumia. Anasema pia yapo mambo ya kuingia, kupokea, kushika na kujinasua ambayo hufundishwa kwa mdomo. Wale mnaobishana kila wiki kama kata ina maana yoyote kwenye mapigano, barua hii inawahusu. Kata tano za Pinan (watu wa mtindo wa Shotokan mnaziita Heian) ni za huyuhuyu Itosu. Mistari mirefu ya wanafunzi wanaopiga hatua kwa kuhesabiwa nayo ina harufu ya uwanja wa shule kuliko ya hekalu.

Cha pili ni "Karate-Do: My Way of Life" cha Gichin Funakoshi (1868–1957). Alikitoa kwa Kijapani mwaka 1956 akiwa karibu na miaka 90, tafsiri ya Kiingereza ikatoka 1975. Ni chembamba na kinasomeka. Kuna sehemu anaeleza alivyokuwa akienda usiku nyumbani kwa mwalimu wake Azato. Anafanya kata moja uani huku mwalimu ameketi anaangalia, na neno analolisikia ni "tena". Usiku baada ya usiku, kata ileile kwa miezi, bila ruhusa ya kugusa inayofuata. Anaeleza pia mzozo wa nywele: familia yake haikutaka akate shungi la Ki-Okinawa, na shungi hilo likamfungia njia ya kusomea udaktari. Akaangukia ualimu wa shule. Ndani ya shungi hilo moja unaiona jamii nzima inavyokatwa kutoka ulimwengu wa zamani na kuingizwa mpya. Kitabu cha mbinu hakikupi hilo.

Lakini usimsome Funakoshi peke yake. Msome pamoja na Choki Motobu (1870–1944), aliyetoka kwenye ukoo wa kifalme na kuitwa "Motobu Nyani" kwa wepesi wake. Mwaka 1926 alichapisha kitabu cha kumite (mapigano ya watu wawili) chenye picha zake mwenyewe akiwa na mwenzake: umbali mfupi, mkono mmoja unapokea na kupiga kwa wakati uleule. Baada ya Motobu kumshinda bondia wa kigeni kule Kyoto, jarida la *King* liliandika habari hiyo mwaka 1925, lakini mtu aliyechorwa anafanana na Funakoshi. Ukiijua habari hiyo, unaelewa kwa nini wawili hawa hawakupikika chungu kimoja, na kwa nini kila mmoja anaieleza karate kwa namna yake.

Naendelea hapo chini. Wenye maswali karibuni.

Mkanda wa Njano

Mkuu shikamoo. Asante kwa madini. Ila sensei wetu ametufundisha kwamba Satsuma (watawala wa kusini mwa Japani) walipovamia Okinawa 1609 walipiga marufuku silaha, ndipo wakulima wakabuni karate kujilinda. Unataka kusema anatudanganya?

Msoma Kata

Marahaba. Hapana, hadanganyi. Anapokeza alichopokea, na hata Funakoshi anazungumzia marufuku ya silaha kwenye maandishi yake. Tuipime tu.

Angalia kwanza walimu wenyewe wa zamani. Sokon Matsumura alikuwa mlinzi wa wafalme. Itosu, karani wa serikali. Azato alizaliwa kwenye familia ya vyeo, na Motobu nimeshamsema. Wote ni watu wa daraja la juu la Shuri. Mkulima yuko wapi hapo?

Sasa silaha. Yapo maandishi ya mwaka 1509 yanayomsifu mfalme Sho Shin kwa kukusanya panga na pinde kwa ajili ya ulinzi wa nchi. Karne nyingi baadaye msomi Iha Fuyu akayasoma kama ushahidi kwamba mfalme aliwanyang'anya watu silaha, na usomaji huo ndio ulioenea. Lakini mwaka 1609, Satsuma walipoleta askari kama 3,000 wenye bunduki, bandari ya Naha ilijihami kwa mizinga. Nchi isiyo na silaha haina mizinga bandarini.

Hadithi ya "watu wa amani wasiojua silaha" ilipata nguvu kubwa Ulaya kupitia nahodha Mwingereza, Basil Hall. Alifika Ryukyu mwaka 1816, na mwaka uliofuata akapita kisiwa cha St Helena na kumsimulia Napoleon, aliyekuwa mfungwa huko. Napoleon alishangaa kusikia kuna nchi isiyo na silaha. Hall aliona alichoonyeshwa na wenyeji wake, akakiandika. Anayetaka kulifuatilia hili amsome Gregory Smits, "Visions of Ryukyu" (1999) kisha "Maritime Ryukyu" (2018). Smits ni mwanahistoria, wala haandikii wanadojo, na hiyo ndiyo faida yake: hana mtindo wa kuutetea.

Mwambie sensei wako kwa adabu, tena muda wa mazoezi ukiwa umekwisha. Usimsimamishe mbele ya darasa.

Hojo Undo

Mkuu Msoma Kata, naomba niingie kwenye Bubishi maana naona unaizungukazunguka. Sisi wa mtindo wa Goju bila Bubishi hatujaanza kuongea.

Kwa wasioijua: ni maandishi ya Kichina yanayohusu sanaa za mapigano za mkoa wa Fujian, hasa mtindo wa Korongo Mweupe, yaliyokuwa yakinakiliwa kwa mkono na kuwekwa na walimu wa Okinawa. Mwalimu wa karate Kenwa Mabuni ndiye aliyeyatoa hadharani mwaka 1934. Humo mna simulizi ya binti Fang Qiniang, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa Korongo Mweupe, mna dawa za mitishamba za kutibu majeraha, mna michoro 48 ya watu wawili wanaokabiliana, na mna beti ambalo Chojun Miyagi, mwanzilishi wa mtindo wetu, alichukua humo jina la Goju. Tafsiri ya Patrick McCarthy (1995) ndiyo iliyowafikia wengi.

Naomba watu wafanye kitu kimoja. Chukua ile michoro 48, iweke pembeni ya kata unayoijua vizuri, mfano Seipai au Seienchin, tafuta mwenzako mtulie. Utakuta mikono uliyokuwa ukiiita "kuzuia" inafanya kazi ya kushika na kukunja. Mimi michoro hiyo ilinibadilishia darasa zima.

Tahadhari ni mbili. Mna jedwali la saa na sehemu za mwili, kwamba ukipiga mahali fulani saa fulani mtu anakufa. Lisomeni kama imani ya tiba ya wakati ule, msilifundishe kama sayansi. Pili, kipo kitabu kingine cha Kichina ambacho kwa Kijapani nacho husomwa "Bubishi": ensaiklopedia ya kijeshi ya Mao Yuanyi ya mwaka 1621, yenye sura 240. Nimeona watu mtandaoni wanavichanganya, wanaipa Bubishi yetu umri na heshima ya kile kingine.

Msoma Kata

Hojo Undo umenisaidia sana, hasa hiyo tahadhari ya pili.

Niongeze upande wa China kwa sababu hapo ndipo porojo zimejaa. Meir Shahar, "The Shaolin Monastery" (2008), ndicho ningempa mtu yeyote. Anaanza na vitu vinavyoshikika. Watawa wa Shaolin walimsaidia Li Shimin, aliyekuja kuwa mfalme wa China, vitani mwaka 621, na jiwe la mwaka 728 linaandika habari hiyo. Kisha anaonyesha kwamba sifa kubwa ya Shaolin karne ya 16 ilikuwa fimbo, na mapigano ya mikono mitupu yakaja kupata nafasi baadaye. Yule Bodhidharma wetu anaingia kama mwalimu wa mazoezi kupitia kitabu cha karne ya 17, Yijin Jing, chenye utangulizi uliobandikwa tarehe ya uongo ya miaka elfu moja nyuma. Wachina wenyewe walishalisema hili: Tang Hao alichapisha uchunguzi wake mwaka 1930. Kwa hiyo anayesema kukanusha hadithi hiyo ni dharau ya Wazungu kwa Asia, amsome Tang Hao.

Kama Shahar ni mzito, anza na Brian Kennedy na Elizabeth Guo, "Chinese Martial Arts Training Manuals" (2005). Ni chepesi na kina picha nyingi za vitabu vya zamani.

Na kwa Okinawa yenyewe kuna ushahidi mmoja mdogo naupenda mno. Mwaka 1762 chombo cha Ryukyu kilipeperushwa hadi Tosa, Japani, na mwenyeji mmoja akaandika mazungumzo yake na waliokuwamo. Ndani ya kumbukumbu hiyo, Oshima Hikki, anatajwa mtu aliyetoka China aitwaye Kushanku, mwenye ufundi wa kumdhibiti mtu mwenye nguvu kumzidi. Kata ya Kushanku, ambayo Funakoshi aliipa jina Kanku, tunaifanya mpaka leo hapa kwetu. Wakati Wareno na Waomani bado wana kumbukumbu mbichi ya kugombea Fort Jesus, mtu mmoja kule Tosa anaandika jina hilo kwenye karatasi. Hayo mabaki machache ndiyo dhahabu yenyewe.

Machache kwa sababu ya vita. Mwaka 1945 Shuri iliteketezwa kwenye mapigano ya Okinawa, ngome ikaangamia na nyaraka zikaungua. Walimu wengi walikufa. Ndiyo maana vitabu vya Kijapani vya kati ya 1922 na 1940 vina uzito mkubwa, na ndiyo maana nawaheshimu waliokwenda kuwahoji wazee. Mark Bishop, "Okinawan Karate" (1989), alifanya kazi hiyo mwalimu kwa mwalimu. Shoshin Nagamine, "Tales of Okinawa's Great Masters", ni msimulizi mtamu, ila anasimulia kwa mapenzi, kwa hiyo soma ukiwa macho.

Mbishi wa Mtaani

Mimi nitasema ukweli hata kama mtanichukia. Mtaani hakuna anayekuuliza 1879 wala 1922. Nimeona watu wamejaa vitabu kichwani, wakisimama kwenye kumite wanakula ngumi kama kawaida. Mnapoteza muda, pigeni mazoezi.

Msoma Kata

Mkuu hakuna wa kukuchukia. Mazoezi kwanza, hilo halina mjadala. Lakini Motobu ndiye aliyesifika kwa kupigana kuliko wenzake wa kizazi chake, naye akaandika vitabu viwili, 1926 na 1932. Alitaka ufundi wake ufike kwa watu ambao asingeonana nao. Wewe na mimi ndio watu hao. Mpiganaji akikuachia maandishi na wewe ukayakataa kwa sababu ni maandishi, umemkataa yeye. Na kuna faida ya mazoezini kabisa: ukijua kwamba kata fulani ilirekebishwa kwa ajili ya watoto wa shule, unaacha kung'ang'ania ngumi iliyokunjwa pale ambapo toleo la zamani lilikuwa na kiganja kilichofunguliwa. Jaribu kwenye Pinan kisha urudi tubishane.

Mama wa Tatami

Habari zenu wanangu. Mimi ni wa judo, nimo humu kimyakimya. Mnazungumza karate kama kisiwa, mnamsahau Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo. Alianzisha Kodokan, shule yake, mwaka 1882. Ngazi za dan na mkanda mweusi mnaojivunia vimetoka kwake. Mwaka 1922 Funakoshi alipokuja Tokyo kuonyesha karate, Kano alimwalika Kodokan, na mwaka 1924 Funakoshi akatoa dan zake za kwanza. Hata gi (sare ya mazoezi) yenu ni binamu wa yetu.

Someni "Mind Over Muscle", mkusanyiko wa maandishi ya Kano uliotoka 2005. Pale anapoeleza matumizi bora ya nguvu na manufaa ya wote, utaona mwalimu wa shule anayefikiria mtoto atakuwa mtu wa namna gani. Mkitaka picha kubwa ya Japani, yupo Cameron Hurst, "Armed Martial Arts of Japan" (1998), kwa upanga na upinde. Na wale mnaobandika nukuu za bushido (maadili ya samurai) kila asubuhi, tafadhali someni Oleg Benesch, "Inventing the Way of the Samurai" (2014). Anaonyesha jinsi bushido tunayoijua ilivyojengwa mwishoni mwa karne ya 19 na kuendelea. Kile kitabu maarufu cha Nitobe kuhusu bushido cha 1900 kiliandikwa kwa Kiingereza akiwa Marekani, kwa wasomaji wa nje.

Msoma Kata

Shikamoo mama. Umeniwahi, Benesch nilikuwa nimemweka wa kesho.

Kijana wa Pwani

Shikamooni wakubwa. Maswali yangu mawili. Taekwondo nayo ina historia ya miaka elfu mbili kama tulivyoambiwa? Na sisi Waafrika hatuna chetu cha kusoma?

Msoma Kata

Marahaba. Taekwondo nitaipita haraka: soma Alex Gillis, "A Killing Art" (2008). Jina lenyewe ni la 1955. Jenerali Choi Hong Hi alijifunza karate Japani, na Won Kuk Lee, aliyefungua Chung Do Kwan mwaka 1944, alitoka Shotokan. Hilo haliwapunguzii Wakorea kitu. Walichokifanya baada ya hapo, hasa kwenye mateke, ni kazi yao.

La pili limenigusa. Kipo kitabu: T. J. Desch Obi, "Fighting for Honor" (2008). Anafuatilia engolo ya kusini mwa Angola, mchezo wa mateke huku mikono ikiwa imeegemea chini, hadi ng'ambo ya Atlantiki kwa waliopelekwa utumwani, na anaihusisha na capoeira. Kinachonivutia ni namna anavyofanya kazi mahali ambapo wenyewe hawakuandika. Anachukua majina ya mbinu kwenye lugha za wenyeji, ripoti za wageni na masimulizi ya wazee, anavipambanisha. Anayetaka kuandika chochote kuhusu sanaa zetu aanzie kwa huyu.

Na wewe ni wa Pwani, kwa hiyo una kirumbizi. Pale Lamu, wakati wa Maulidi, zumari inalia na vijana wanaingia kati wawili wawili na fimbo. Wengi tunaiita ngoma tunapita. Angalia miguu ya yule mzee anayejua: anavyokaa pembeni ya mstari wa fimbo, anavyoacha nafasi makusudi ili mwenzake aingie. Chukua simu, omba ruhusa, mrekodi akieleza kwa maneno yake mwenyewe kila pigo linaitwaje na alifundishwa na nani. Okinawa walichelewa, vita ikawakuta.

Mkanda wa Njano

Mkuu, mimi bado mwanafunzi na mfuko hauruhusu. Nikipata kitabu kimoja tu mwaka huu kiwe kipi?

Msoma Kata

Barua ya Itosu ni bure, ichapishe leo. Kitabu kimoja: Funakoshi, "My Way of Life". Kisome na penseli. Kila anaposimulia alichokiona kwa macho yake weka alama ya nukta, na kila anaposimulia alichosikia kwa watu weka mstari. Utashangaa mistari ilivyo mingi kwenye habari za zamani, na nukta zilivyojaa kuanzia usiku wa nyumbani kwa Azato. Hojo Undo na mimi tuna nakala zetu za Bubishi. Kama uko Dar, njoo PM tupange Jumamosi moja tukae na ile michoro 48, na umlete sensei wako.